Kuku wa Nasambu

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Hata muuza nyanya akinipunguzia bei kabla sijamwomba, nazigeuza zote nitafute iliyooza. Kwa hivyo mwaka wa 2004, Nasambu, fundi wa nguo tuliyeshiriki naye veranda moja pale Matisi, Kitale, aliponiambia kuwa wifi yake amemlisha sumu, sikumuuliza ana hakika gani. Niliuliza tu iliwekwa wapi.

"Kwa chai, Mama Muigai. Si unajua ile ya ukucha? Anakubebea kikombe hivi, kidole kinagusa ndani, basi."

Nilijua. Nani asiyejua?

Wifi mwenyewe ni Viola, mke wa kaka yake Wekoye, huko Bungoma. Viola ni mwanamke wa Malakisi, mchapakazi, mwenye maneno machache, na Nasambu hakumpenda tangu siku ya mahari. Alidai ati watu wa mama yake Viola wanajua dawa za kuroga. Agosti hiyo familia ilifanya kumbukumbu ya marehemu baba yao, nami nikamsindikiza rafiki yangu. Viola alimchinjia jogoo wake peke yake, heshima ya binti mkubwa wa boma. Nasambu akaomba apelekewe chumbani, kichwa kinamuuma. Mimi nilikula uani na wenzangu mpaka nikalegeza leso.

Tuliporudi, tumbo lilimwendesha Nasambu siku tano, na damu ndani yake. Likatulia. Wiki ya tatu goti likavimba kama kibuyu, kifundo cha mguu kikafuata, macho yakawa mekundu. Cherehani ya kukanyaga haina huruma, na sare za shule zikabaki na mkono mmoja mmoja. Akampigia Wekoye simu. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakubaliana Viola arudishwe kwao Malakisi Jumamosi.

Alhamisi nikampeleka Nasambu hospitali. Daktari Chemutai, msichana asiyecheka, aliuliza habari za tumbo kabla ya goti. Nasambu akanifinya kwa furaha.

"Ndiyo, ilianzia tumboni," daktari akasema. "Utumbo una ukuta mwembamba, na ndani wanaishi bakteria wengi. Wengi wao hawana neno, hata wanausaidia ule ukuta. Ukila chakula kilichoharibika wanaingia wabaya, ukuta unaumia, na vipande vyao vinapenya mpaka kwa damu. Kinga ya mwili inaamka kupigana. Kwa watu wengine, vita vikiisha haitulii. Inashuku kila kitu, inaanza kupiga maungio ya mwenyewe. Kwa nini wewe na si mwingine, hiyo bado inachunguzwa."

"Kwa hivyo ni sumu."

"Ni chakula, mama. Ulikula nini kilichokuwa kimelala? Nyama? Kuku?"

"Chai tu."

"Chai imechemshwa."

Nasambu akageukia dirisha. Hapo shuku yangu ikahama. Nilikumbuka mkebe wa mafuta ya kupikia aliokwenda nao Bungoma, jinsi alivyousugua kwa majivu mara tatu tuliporudi. Njiani nikamuuliza ule mkebe ulikuwa na nini ndani.

"Nguo za kubadilisha."

Nguo kwenye mkebe! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nilinyamaza, kwa sababu jina la Viola nilikuwa nimeshalichafua kwa kila mteja aliyepita kwenye veranda yetu, na niliona aibu.

Jumamosi, huko Bungoma mbele ya wazee, Viola aliketi kando ya mlango, sanduku lake limefungwa kamba. Hakulia. Wekoye akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Nasambu akainuka kwa fimbo.

"Sikukula chakula yake," akasema. "Nilibeba kuku yangu kutoka Kitale. Nilipika leo, nikakula kesho yake mchana, huko chumbani. Ilikuwa inanuka kidogo. Ile jogoo nilirushia mbwa kwa dirisha."

Wote tukamgeukia mbwa. Alikuwa amelala kivulini, amenona. Wekoye akafungua ile kamba kwa mikono yake mwenyewe. Nasambu akaangua kilio, akaomba msamaha, nami nikaomba wangu kwa sauti ndogo.

"Hiyo ya sumu nimesamehe, wifi," Viola akasema. "Mtu anaweza kuogopa. Lakini nikuchinjie jogoo, na wewe unakuja kwangu na kuku kwa mkebe? Hiyo, bana, siwezi."

Kwa dawa na subira, goti lilipona Januari. Nasambu bado huenda Bungoma. Viola humpokea vizuri, humvutia kiti, humletea maji ya kunawa na kumngoja akaushe mikono. Kisha humuuliza kwa upole kama amekuja na chake.