Michembe Waliyopewa Bata

Basi liliposimama Lamadi, akaja binti na beseni kichwani, upande mmoja dagaa wa kukaanga, upande wa pili vipakiti vya michembe. Michembe, jamani, imefungwa kama biskuti! Nikacheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akanigeukia. Nilikuwa naenda Bariadi kwenye semina ya kazi, mara ya kwanza tangu tuhame, na nilikuwa nimejiapia kwamba sitakuwa kama wale wanaorudi walikokulia wakaanza kulialia ovyo. Nikanunua kipakiti kimoja, nikatafuna, na kiapo changu kikaishia pale pale Lamadi.

Kama huijui michembe, ngoja nikueleze, maana hata mama yangu hakuijua, na kutojua kwake kulitutia matatani. Ni viazi vitamu. Vikishachimbwa huachwa vinyauke kidogo, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani hadi vikauke kau. Wasukuma huiweka ghalani kwa ajili ya ile miezi ambayo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya yako bado mabichi shambani. Wakati huo inapikwa na karanga za kutwanga, au na maziwa kama ng'ombe wanakamuliwa, na mtoto akilala ameishiba hiyo hasumbui mtu.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, akahamishiwa Bariadi nikiwa darasa la pili. Mama ni mtu wa Pangani. Alizoea nazi, samaki wabichi na majirani wanaopiga soga mpaka chungu kiungue. Bariadi akakuta vumbi, ng'ombe wanaokata barabara kwa madaha bila kumjali dereva, na akina mama wanaosalimiana bombani kwa Kisukuma kirefu, huku yeye kasimama na ndoo yake akitabasamu bila kujua anatabasamia nini. "Nimekuwa bubu, mume wangu," alimwambia baba. "Msimu wa pamba ukiisha, utanirudisha kwetu na wanangu." Baba hakubisha. Mimi niliyekuwa nasikiliza nilikosa raha kabisa, kwa sababu mwenzenu nilikwishanogewa na Bariadi.

Nilinogewa kwa jirani. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa, na kwenye ua kulikuwa na pengo la kupita mtu mmoja. Jirani yetu alikuwa mama wa makamo, mkulima, mwenye watoto wengi na sauti nzito. Tulimwita mayu, yaani mama, kama watoto wake walivyomwita. Msimu wa pamba baraza yake ilijaa mlima mweupe, nasi watoto tulikaa kuuchambua, nyeupe huku, ile chafu wanayoiita fifi kule. Tulikatazwa kurukia pamba. Tuliirukia. Mayu akitokea tunatulia kama tuko kanisani, na manyoya ya pamba kwenye nywele yanatusema. Halafu anatupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tunapokezana. Hata leo nikisikia harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, mate yananijaa.

Sasa, siku moja mayu alipita kwenye pengo na debe zima la michembe, akampa mama. Kiswahili cha mayu kilikuwa kifupi, cha mama kilikuwa na mapambo mengi, kwa hiyo hawakuambizana mengi. "Chukua, itakufaa," akasema mayu. Mama akashukuru sana. Halafu akakaa akavitazama vile vipande vyeupe, vikavu, vina vumbi, akavigonga, vikalia ko ko. Mama wa watu akajisemea kwamba jirani ameona bata wetu wamekonda. Akawamwagia.

Nilirudi shuleni nikawakuta bata wanahangaika nayo kwenye beseni la maji, furaha yao haina mfano. "Mama!" nikapiga kelele. "Hicho ni chakula!"

"Ndiyo, cha bata."

"Cha watu, mama! Cha watu!"

Sikuwa nimemaliza, mayu akatokea kwenye pengo. Nadhani alikuja kumwelekeza mama namna ya kupika. Akatazama beseni. Akatazama bata. Hakufoka. Alisema tu, "Mwadila," salamu yao ya jioni, akageuka akarudi kwake. Kesho yake asubuhi pengo lilikuwa limezibwa kwa tawi la miiba.

Weee! Nililia siku hiyo kuliko siku niliyovunjika mkono. Mama naye alikuwa na kiburi cha aibu, kile kibaya zaidi. Alisema, "Basi ndiyo imekuwa. Hata hivyo tunaondoka." Akaanza kukunja nguo ambazo hatukuzihitaji. Bombani akina mama walimsalimu kwa adabu, na adabu ile ilimuumiza kuliko matusi. Usiku wa pili nilimwambia kile nilichokisikia kwa watoto wa mayu: kwamba michembe haigawiwi kwa wageni. Mgeni anapewa kuku. Michembe ni akiba ya watoto, unampa mtu wa kwako tu. Mama akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Asubuhi akatoka. Hakupita uani, pengo lilikuwa na miiba. Alizunguka barabarani, akaingia kwa mbele kama mtu asiyejulikana, mimi nyuma yake. Mayu na wanawake wengine walikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, wanamenya viazi. Visu vikasimama. Mama akapiga goti pale pale, kama alivyowaona wanawake wa Kisukuma wakifanya.

"Nisamehe, dada yangu. Wallahi sikujua."

Mayu akamtazama. "Nilikupa chakula cha watoto wangu, wewe umewapa bata. Hukujua, sawa. Ungeuliza. Kwani mimi nakaa mbali?"

"Hukai mbali."

"Mdomo si unao?"

"Ninao, dada."

"Sasa umejua. Shika kisu, umenye."

Mama akashika. Akakata vipande vinene kama anakata mikate, na mayu akamgombeza mbele ya watu wote kwamba vitaota ukungu ndani. Mama akagombezwa siku nzima. Alirudi jioni vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, amechoka hoi, anaimba. Na miiba haikuwepo tena kwenye pengo.

Pamba ilipokwishanunuliwa, baba akamuuliza mama wanasafiri lini. Mama akamjibu asimsumbue, viazi vyake havijakauka. Tukakaa Bariadi mpaka baba alipostaafu. Mayu alipofariki, mama alitoka Pangani na kusafiri siku mbili, akakaa ndani na wafiwa, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Semina ilipoisha nikaenda kwenye mtaa wetu. Mji umekua, una lami na majengo ya mkoa, na nafurahi kwa hilo, nisiwe mnafiki. Lakini jabali limepasuliwa kokoto. Minyaa imeng'olewa, kila nyumba ina ukuta wa tofali na chupa zilizovunjwa juu yake. Kwenye nyumba yetu alinifungulia binti mpole, mwalimu, amepangiwa kazi huku akitokea Songea. Nikamuuliza majirani zake ni akina nani.

"Kwa kweli siwajui, dada. Huu mwaka wa pili. Kila mtu na geti lake."

Jioni nikampigia mama simu Pangani. Akataka kujua kila kitu, nami nikamweleza kuhusu kuta, kisha kuhusu yule mwalimu.

"Maskini, mtoto wa watu," akasema. "Sasa akikosea, nani atamgombeza?"