Sauti ya Redio kwenye Kadi Iliyofutwa

Fundi alikuwa na tabia moja ambayo wateja wake waliisifu na ndugu zake waliichoka: hakulala mpaka meza ya kushonea iwe tupu. Gauni likiisha, vipande vinaingia mfukoni, uzi unarudi koponi, na ole wako uweke kikombe chako pale. Alishona tangu usichana. Uzeeni, badala ya kupumzika kama watu wengine, akanunua kamera ya video, tena si kamera ya mchezo. Ukimrekodi mtu aliye ng'ambo ya barabara, unaona mishono ya kola yake.

Mdogo wake wa kiume aliyemfuata kuzaliwa walimwita Redio, maana hakuna aliyewahi kumzima. Halafu daktari akasema koo lake lina uvimbe mbaya, litakatwa, na sauti itakwenda nalo. Binti yake alikuwa karibu kuolewa. Redio akaja kwa dada yake na shati lililopigwa pasi.

"Dada, niwashie mashine yako. Nataka niseme ya harusi kabisa, kabla hawajaninyamazisha."

"Usirefushe," akamwambia. "Wageni watataka kula."

Akarefusha, sana tu. Akakatwa, akapona, akarudi nyumbani na kitambaa shingoni na kibao cha kuandikia. Fundi naye akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akafungua programu ya kuhariri, akabofya pa kuingiza video. Zikajipanga kwenye skrini, kila moja na kipicha chake. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ikikwamakwama kwa uzito wa picha, na programu ikamuuliza kama itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Akakubali bila kusoma, kama sisi sote. Video zikacheza vizuri, naye akaridhika kwamba zimeshaingia.

Basi akafanya alichozoea kufanya kazi ikiisha. Alisafisha meza. Alifuta kadi yote, na kesho yake akaijaza upya kwa video za binti akijaribu gauni mbele ya kioo.

Alipoirudia kazi, pale palipokuwa na Redio palikuwa na viboksi vyeusi na maneno: faili halipatikani. Akaibeba kompyuta hadi kwa mpiga picha wa studio ya jirani.

"Mama, programu haikubeba kitu," mpiga picha akasema. "Ilikuwa inazichungulia tu zikiwa kwenye kadi. Ulitakiwa uzinakili kwanza kwenye kompyuta."

Fundi aliwahi kuharibu kitambaa cha mteja. Akaenda dukani, akanunua kingine, yakaisha. Sauti ya mdogo wake angeinunua duka gani? Akakaa kwenye kiti cha wateja huku yule bwana akipekua mafolda. Kadi haikurudisha kitu. Lakini zile nakala nyepesi zilikuwepo, zimejificha ndani ya kompyuta. Sura ya Redio ilikuwa na ukungu, kama mtu aliye nyuma ya nailoni. Sauti ilikuwa nzima.

Akaenda kumweleza mwenyewe, bila kuzunguka. Redio akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, akaandika kwenye kibao: *Uso ninao bado. Leta kamera.*

Akaketi kwenye kiti kilekile alichorekodiwa mara ya kwanza, na kitambaa chake shingoni, akajisikiliza mwanzo hadi mwisho huku dada yake akimrekodi. Safari hii Fundi alinakili kila kitu kwenye kompyuta kwanza, ndipo akafungua programu. Akaiweka sauti ya zamani chini ya picha mpya. Mkasi wa programu ulikuwa pale pale, na alikuwa amekusudia tangu awali kuyapunguza maneno yale nusu.

Siku ya harusi, ukutani alionekana Redio, safi hadi nyuzi za kitambaa, midomo imefumbwa, sauti yake ikimweleza binti alivyolia siku ya kuzaliwa, na yeye baba alivyolia zaidi. Bibi harusi aliacha kutazama ukuta, akamgeukia baba yake, akamshika mkono. Chakula kilipoa. Watu walinong'ona kwamba shangazi angepunguza kidogo.

Fundi hakukata hata pumzi moja. Na kadi ile iko juu ya meza ya kushonea mpaka leo, na ole wako uiondoe.