Swali la Benchini Kagunga

Mimi ni Muha wa Ujiji, na hasira zangu nimezirithi kwa mama. Nasema mapema, asiyetaka kuzisikia aende zake.

Miaka ile Warundi walipokuwa wakikimbilia kwetu, tulipelekwa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, tukiwa madaktari tarajali, mimi na wenzangu wa kutoka Dar es Salaam. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia ufukweni. Tukaambiwa tuna bahati: tutatibu, na papo hapo tutashiriki utafiti wa pamoja wa hospitali kadhaa, tuizoee kazi hiyo mapema. Nilifurahi, jamani. Nilimpigia mama simu kumringia.

Mgonjwa akishuka kwenye mtumbwi alikaa benchini na ndugu zake, sisi tukauliza: unaharisha? Tangu lini? Akisema ndiyo, anakwenda hema la kipindupindu kuwekewa dripu. Akisema hapana, anapanga foleni ya malaria.

Sasa kwetu Waha, na kwa Warundi vilevile, mwanamke hataji mambo ya choo mbele ya baba mkwe wake. Hathubutu. Hata kula mbele yake ni shida. Na watu wale walikimbia ukoo mzima, baba mkwe yuko hapo hapo benchini kapakata mjukuu. Nilimfuata daktari bingwa aliyetusimamia nikamwomba wanaume wakae pembeni kwanza. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akasema hospitali zote zimekubaliana kuuliza namna moja, tukibadilisha sisi tutawaharibia wenzetu utafiti. Akaniambia nipunguze ubishi.

Haikupita wiki akaja mama mmoja kijana, kajifunga kitenge cha njano, anatembea kwa kushikwa mkono. Mwenzangu ndiye aliyemuuliza. Mama yule akatazama mchanga, akasema hapana, ni homa tu. Akapelekwa malaria.

Alasiri niliitwa huko mbio. Macho yalikuwa yamezama, mikono ya baridi, kitenge chote kimelowa. Tulitafuta mshipa wa kuweka dripu, kila mahali tulipochoma hakuna kitu. Alikata roho tukiwa bado tunamsugua mkono.

Baba mkwe wake alikuwa nje ya hema, mjukuu mgongoni. Kirundi na Kiha tunasikilizana, kwa hiyo aliniuliza mimi: hivi hamkumuuliza anaumwa nini? Nikamwambia tulimuuliza, mzee, pale benchini, na wewe ulikuwepo. Akawa anamtikisa mtoto asilie. Alipoelewa, alinitazama usoni.

"Mngeniambia nitoke," akasema. "Ningetoka."

Utafiti ulipokwisha tuliitwa Kigoma mjini, kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa, kusikiliza matokeo. Daktari bingwa alisimama akaeleza kwamba changamoto kubwa ni wakimbizi wenyewe, wanaficha dalili. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Damu ilinichemka. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema habari za kitenge cha njano, nikayarudia maneno ya yule mzee jinsi alivyoyasema.

Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango mzuri, akatangaza kwamba chai iko tayari. Mwezi uliofuata maswali yale yale yalipelekwa kambini walikohamishiwa wakimbizi, yaulizwe benchini, mbele ya ndugu.