Namba ya Mtihani ya Dada Wairimu

Wino wa kuchapia una harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyomwagikia gundi, na Mzee Kimani aliingia nayo nyumbani kwetu Uthiru kila Jumapili, hata akiwa ameoga. Alikuwa mzee wa kanisa letu. Siku za kazi alipiga namba kwenye vitabu vya risiti huko River Road, mjini Nairobi. Vitabu vyake viliruka kutoka 665 hadi 667, na wateja hawakulalamika. Nani angetaka risiti ya yule mnyama wa Ufunuo? Mimi niliishia darasa la tano, hesabu zangu msizitegemee sana, lakini hii naikumbuka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na dada yangu Wairimu alikuwa anangoja mtihani wa darasa la nane. Namba yake ilikuwa 755644932. Mzee Kimani aliiomba, akageuza bahasha ya sadaka, akaigawanya kwa 666 polepole mpaka chai yake ikashika utando. Hakikubaki kitu.

"Mama," akamwambia nyanya yetu, tuliyemwita Shosho, "imeingia yote. Mtoto asiiandike popote."

Shosho alitia karatasi ya namba ndani ya Biblia, na Biblia akaikalia. Mtihani ulikuwa Jumanne. Bila karatasi ile asingeruhusiwa kufanya mtihani, na Wairimu angeishia kufulia watu nguo mtaa wa Mountain View, kama nilivyokuja kufanya mimi, na sabuni ya huko, wacha tu, inakula vidole.

Wairimu hakulia. Aligawanya namba ileile kwa saba, hakikubaki kitu. Kwa kumi na mbili, pia.

"Shosho, ona. Saba ya Mungu imo, na mitume wote wamo."

"Hata Shetani huja kanisani," akasema Shosho, bila kuinuka. Kisha akamtazama mgeni wake. "Na yako, Kimani? Toa kitambulisho tuigawanye."

Mzee alifunika mfuko wa shati. "Yangu ni ya serikali."

"Na ya mtoto ni ya nani?"

Alimaliza chai baridi, akaaga. Shosho alimpa Wairimu karatasi, lakini aliishika kwa pembe ya leso.

Wairimu alipita. Leo anafundisha hesabu, na ameniambia kwamba katika kila namba 666 zinazofuatana, moja lazima igawanyike hivyo. Na saba na kumi na mbili hazikuthibitisha lolote.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Lakini Shosho angenisikia?"

Siku hizi napewa namba za hospitali, za benki, za simu, nami nazipokea bila hata kushika kalamu. Kuna woga tulioupoteza, na sijui kama ni vizuri. Ila mgeni akinipigia simu akitaka namba yangu ya siri, namwambia atangulie kunitajia yake.