Nazi Iliyoungua Missouri City

Jumamosi, tarehe 8 Novemba. Asubuhi Arlington ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Sababu ya safari naiandika kama ilivyo, isije ikadhaniwa tulikwenda kutembea. Kijana wetu Salim ataka kumwoa Nurhaya, nesi Mfilipino wa Houston. Ni Muislamu, ana adabu, hilo sikulipinga. Nilichosema ni kwamba siwezi kwenda kuposa kwa watu nisiojua wanakula nini. Nilipokwisha kusema nikaona ni maneno ya kijinga, lakini yalikuwa yameshatoka. Siku tatu Salim hakunisemesha ila salamu. Nikasema basi, mimi na babake twende tukale.

Njiani hakuna la kusimulia sana. Malori, malisho, ng'ombe, malori tena.

"Mama Salim," akasema mume wangu, "wewe wenda kula au wenda kukagua?"

"Nakwenda kujua."

"Haya. Mkaguzi nipe maji ninywe."

Mji wa Katy, kando ya Houston, saa saba mchana. Nurhaya alitoka kazini na nguo zake za hospitali, akatupeleka kwenye mkahawa mdogo baina ya kinyozi na duka la simu. Vyakula viko kwenye masinia nyuma ya kioo, wanyoosha kidole tu, wapakuliwa. Mimi nilidhani chakula cha Kifilipino ni kimoja. Nurhaya akaanza kututajia: mboga hii chungu ni ya watu wa kaskazini, kuku yule wa siki na mchaichai ni wa visiwa vya kati, na yale majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na pilipili ni ya Wabikol, kabila jingine la huko. Majani yalinivuta, kwani yalikuwa kama mchicha wa nazi wa kwetu Mombasa.

"Hayo yana nguruwe, Anti."

Kuku je? Nurhaya akamwuliza muuzaji mbele ya foleni nzima: amechinjwa wapi, amechomwa kwenye wavu gani. Muuzaji akasema wavu ni mmoja kwa nyama zote. "Basi asante," akajibu Nurhaya, bila haya wala hasira. Mimi miaka yote nikialikwa na wenzangu kazini husema nimeshiba.

Tukala barafu iliyokunwa, ya maziwa, kiazi kikuu cha zambarau na maharagwe matamu.

"Maharagwe kwenye aiskrimu," akasema Baba Salim. Akaagiza ya pili.

Nikamwuliza binti, na chakula cha kwao kiko wapi.

"Sisi ni Watausug, Anti, Waislamu wa visiwa vya kusini. Mkahawa wetu huku siujui. Uko jikoni kwa Ina."

Ina ndiye mamake.

Missouri City, upande mwingine wa Houston, nyumbani kwa Ina, alasiri. Mama huyo ni mfupi, mwenye macho ya kupima. Kiingereza chake ni kidogo kama changu. Alikuwa amewasha makaa uani na kuweka juu ya wavu vipande vya nazi, na sufuria ya nyama ya ng'ombe ilikuwa ikichemka ndani. Akanipa koleo, akanionyesha nazi, akaenda kuswali.

Nikasimama pale peke yangu. Nazi ikaanza kutoa moshi. Nikaigeuza. Ikawa hudhurungi, kisha pembeni nyeusi, na yeye harudi. Mimi hupikia harusi za watu wa pwani hapa Arlington, nazi kuungua mbele yangu ni aibu. Nikaiepua yote, nikaitia majini, nikachukua kisu nikakwangua weusi mpaka ikarudi nyeupe. Nikaipanga kwenye sahani na kungoja nisifiwe.

Mama akatoka. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akamwambia bintiye maneno mawili matatu.

"Anti," akasema Nurhaya polepole, "ule weusi ndio mchuzi wenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakugomba. Akavunja nazi nyingine, akaniwekea tena koleo mkononi, na safari hii akasimama ubavuni pangu mpaka vipande vikawa kama makaa. Tukavitwanga pamoja na tangawizi, manjano, mchaichai na pilipili. Akavimimina kwenye supu, ikawa nyeusi tii.

"Hii kwetu ni ya harusi," akasema. Kisha, bila kuficha: "Mimi nilikataa kwanza. Nilimwambia mtoto, Waafrika hatujui wanakula nini."

"Twala nazi," nikamwambia. "Ila nyeupe."

Hapo akacheka mpaka akajishika kiuno.

Kijiko cha kwanza sikukipenda, naandika kweli. Ladha ya moshi ilitangulia. Cha tatu kilikuwa kizuri, na bakuli nilimaliza. Tukalala kwa binamu yangu mtaa wa pili.

Jumapili, njia ya kurudi. Kabla ya kufika Huntsville Baba Salim akauliza, "Sasa wasemaje?"

Niliwaza kilomita nyingi. Nilisingizia chakula, kumbe nilichoogopa ni kijana wangu kukaa kwenye meza ambayo mimi sitakuwa na kazi pale. Na yule mama aliogopa hivyo hivyo kuhusu bintiye. Huenda nakosea, lakini ndivyo nilivyoelewa.

"Barua ya posa utaandika wewe," nikamwambia. "Hati yangu mbaya."

Akapunguza redio.

Arlington, baada ya Magharibi. Salim alikuwa ametandika mkeka wa kulia. Babake akamwambia atafute kalamu na karatasi nzuri. Salim alikaa palepale kwanza, kama hakusikia, kisha akainuka kwenda kutafuta. Tulikula supu nyeusi tuliyofungiwa na mama Nurhaya, wali niliopika kwa tui, na kachumbari. Salim akarudia mara mbili.