Vifaru Vilivyotingishika

Juzi nilimkuta mwanangu akicheza vita vya mtandaoni kwenye simu. Alipandisha kifaru juu ya daraja, akakirusha chini, kikaiangukia ndege ya adui. Nikamuuliza ni jeshi gani hupigana hivyo.

"Mathe, huku hiyo ni kawaida," akanijibu bila kuinua macho.

Ningemcheka zaidi, ila sisi watoto wa mtaa wa Makina, miaka ya tisini, tulipigana vita vya ajabu kuliko hivyo.

Jirani yetu, mama aliyekaanga omena mlangoni pake, alikuwa na mashine ya gemu na runinga ndogo iliyotumia betri ya gari. Chumba kilinuka mafuta ya samaki na jasho letu. Kaseti ilikuwa moja tu, ya vifaru. Wawili mnashirikiana kulinda ndege mdogo, mfano wa tai, aliyezungushiwa matofali, na adui wanashuka kutoka juu. Ndege akipigwa, mmekwisha. Sisi tulibomoa hata ukuta wetu wenyewe ili tupate upenyo wa kupigia risasi, na tulijiona wajanja sana.

Shida ni kwamba runinga haikuwa na rangi. Vifaru vyote vilikuwa vya kijivu, vyetu na vya adui. Ukimpiga mwenzako hafi, anaganda tu, na adui wanapita. Basi mimi na kaka yangu tukabuni mbinu yetu: ukienda kidogo unatingisha kifaru, kushoto kulia, kushoto kulia, mwenzako ajue ni wewe. "Tingisha nikuone!" kaka alikuwa akipiga kelele, nami natingisha. Wengine walijaribu kucheza naye, wakashindwa.

Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nje ya chumba kile kaka hakutaka kuonekana na dada mdogo. Tukienda kuchota maji alitangulia na mitungi yake kana kwamba hanijui. Kwenye gemu aliniita kwa jina mbele ya watu wote, akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nilipenda benchi lile kuliko gemu yenyewe.

Kisha kaseti ikaharibika. Jirani akasema asipopata nyingine atauza mashine, chumba kiwe cha kukaangia chips. Kaka akasikia kwamba vijana fulani wa Kawangware walikuwa na kaseti mbili za vifaru, na wangempa moja yeyote atakayewashinda. Jumamosi tukaenda kwa miguu, tukapitia mtaa wa Olympic. Kaka alitembea kando yangu, akinipangia vita njia nzima. Sikuhisi umbali.

Vijana walicheza kwanza, wakafika hatua ya mbali ambayo ilitubidi tuipite. Zamu yetu ilipofika ndipo nilipoitazama vizuri runinga yao. Ilikuwa ya rangi. Kifaru changu kilikuwa kijani, cha kaka manjano, hakuna wa kuvichanganya. Lakini mikono yetu ilikuwa imezoea. Tukatingisha.

"Kwani tanki zenu zimelewa chang'aa?" kijana mmoja akauliza, na chumba kizima kikacheka.

"Wacha kutingisha, si nakuona!" kaka akanifokea, na huku chake nacho kinatingishika.

Mimi ndiye niliyebaki nyuma kumlinda ndege. Nilikuwa natingisha ndipo adui mmoja akapenya pembeni, akafyatua, ndege akaenda.

Kaka hakunilaumu. Alirudi nyumbani akiwa mbele yangu. Haikuchukua muda chips zikaanza kukaangwa pale, naye akaenda kujifunza useremala. Chumba chenyewe kimeshabomolewa, na sijui mashine iliishia kwa nani.

Siku hizi kaka yuko Eldoret. Tunapigiana simu Krismasi, tunaulizana habari za watoto na mvua. Vifaru hatujawahi kuvitaja. Mara nyingi nimetaka kuanza mimi, halafu narudia kuuliza habari za mvua. Naogopa ataniambia hakumbuki.