Mtungi Katikati ya Ziwa

Capitoline alikuwa na mdomo wa kuuza hata mawe. Miaka ile ya tisini, wakimbizi wenzake kutoka Burundi pale Mwamgongo, kijiji cha Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, walipokuwa wakihesabu shida, yeye alipika pombe ya ndizi na kuwatania wateja. Jambo moja tu lilimnyima raha. Binti yake Iradukunda, asiye na baba, alichumbiwa na Adolf, Muha wa pale pale kijijini, na kwa desturi ya kwao binti hatolewi mpaka mzee wa ukoo anywe mtungi mmoja na wakwe. Mzee aliyesalia ni mmoja: Ntakarutimana, kaka yake Capitoline, aliyebaki Burundi. Dada haruhusiwi kuvuka. Kaka anaogopa kuja.

“Basi tukutane majini,” alisema Capitoline, akawatuma wavuvi wampelekee kaka yake ujumbe.

Asubuhi ya siku waliyopanga mitumbwi miwili ilifungwa ubavu kwa ubavu katikati ya ziwa, mmoja wa mzee, mwingine wa Capitoline, maharusi na wakwe; mtungi wa pombe ukawekwa, mirija ikachomekwa. Kaka na dada walishikana mikono. Mzee hajanyonya hata funda moja, boti ya doria ikatokea upande wa Kigoma, na nyingine upande wa Burundi.

“Mzee, umeingia Tanzania bila kibali,” alisema askari wa Kigoma.

“Hapa ni Burundi,” akadakia askari wa Burundi. “Walioingia bila kibali ni hao wako.”

Wakaanza kuoneshana mpaka, huyu akielekeza kidole mlimani, yule kwenye mdomo wa mto. Capitoline aliingiwa na hofu kweli, maana wakikamatwa ndoa imekufa. Lakini vita vya panzi ni furaha ya kunguru, naye alikuwa kunguru hodari.

“Wanangu,” alisema, “mwenye maji ndiye mwenyeji, na sisi tumekuja na mtungi. Nani kati yenu anaufukuza?”

Akawanyoshea mirija. Kwa Waha na Warundi, anayeukuta mtungi hunywa. Kukataa ni kutangaza uadui. Askari walitazamana, wakainama, wakanyonya kidogo kidogo.

Ndipo Ntakarutimana naye akanywa, taratibu, akafuta midomo. Akamgeukia Adolf.

“Tumekupa. Ukimchoka usimpige. Mlete hapa hapa, nitakuja kumchukua.”

Capitoline alicheka huku analia. Askari wakaikazia macho mirija yao, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee hapo ni wapi.